Unene: Aibu, Ugonjwa, Haki au Neema?

Mwanamke wa mjini leo hupewa kauli tano kuhusu mwili ule ule mmoja. Shangazi aliyekuja harusini humwambia amenawiri, ndoa imemkubali. Nesi wa kliniki ya presha humwambia apunguze uzito kabla ya miadi ijayo. Konda wa daladala humwita bonge na kumtaka asogee ili mwenzake apate pa kukaa. Kisha simu yake humletea matangazo mawili yanayofuatana: moja linamhimiza ajipende alivyo, jingine linamuuzia chai ya kukata tumbo. Kila msemaji ana uhakika na kauli yake, na kauli zenyewe zinapingana.

Mkanganyiko huu umezidi tangu sindano za kupunguza uzito zianze kuvuma. Waliokuwa wakisema "mwili ni mwili" sasa wanaulizwa mbona baadhi ya vinara wao wamekonda. Waliokuwa wakisema unene ni uzembe wanaulizwa mbona dawa ya kutuliza njaa imeweza kile ambacho miaka mingi ya mahubiri haikuweza. Watu wa kawaida wamebaki katikati, hawajui wamsikilize nani.

Sehemu kubwa ya ugomvi inatokana na kuchanganya maswali matatu. Je, unene unadhuru afya? Mtu mnene anastahili kutendewa vipi? Na nani ana wajibu wa kurekebisha kilichosababisha? Jibu la swali la kwanza halijibu la pili, na yote mawili yakijibiwa vizuri, la tatu hubaki bila mwenyewe. Makala haya yanafuatilia hoja zilikotoka, yanapima kila msimamo, kisha yanaangalia hospitali, mavazi na sindano mpya kabla ya kutoa uamuzi.

CHIMBUKO LA MJADALA

Harakati za kutetea watu wanene zilizaliwa Marekani. Mwaka 1967 watu wapatao 500 walikusanyika katika bustani ya Central Park, New York, wakala hadharani na kuchoma vitabu vya dayati pamoja na picha za Twiggy, mwanamitindo mwembamba wa Uingereza aliyekuwa akitamba wakati huo. Miaka miwili baadaye mhandisi Bill Fabrey, aliyechoshwa na jinsi mkewe mnene alivyotendewa, alianzisha chama cha NAAFA, ambacho kipo hadi leo. Mwaka 1973 wanawake wa kundi la Fat Underground la Los Angeles walitoa ilani iliyodai haki sawa na kuishambulia biashara ya kupunguza uzito. Mwaka 1978 mtaalamu wa tiba ya nafsi wa London, Susie Orbach, alichapisha kitabu kilichouhusisha unene na hali ya mwanamke katika jamii.

Madai hayo yalizaa sheria chache tu. Jimbo la Michigan lilipiga marufuku ubaguzi wa uzito kazini na katika makazi kwa sheria ya mwaka 1976. Jiji la New York lilifuata mwaka 2023, karibu nusu karne baadaye.

Wakati huohuo madaktari walikuwa wakienda njia nyingine. Mwaka 1998 taasisi za afya za Marekani ziliteremsha kiwango cha "uzito uliozidi", na mamilioni ya watu wakaingia katika kundi hilo bila kuongezeka hata gramu moja. Mwaka 2013 Chama cha Madaktari cha Marekani kilitangaza kwamba unene uliopitiliza ni ugonjwa. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, kufikia mwaka 2022 watu wazima bilioni 2.5 walikuwa na uzito uliozidi, na kati yao milioni 890 walikuwa na unene uliopitiliza.

Afrika Mashariki tuliingia katika mjadala huu kwa mlango mwingine. Kwetu unene ulikuwa dalili ya shibe, uzazi na nyumba yenye neema. Halafu ukaja UKIMWI. Huko Rakai, Uganda, ugonjwa huo mpya ulijulikana kwa jina la "slim", na makala ya kitabibu ya mwaka 1985 ikautambulisha kwa jina hilohilo. Kwa miaka mingi baadaye, kukonda kulizusha minong'ono mtaani na kunenepa kukawa ushahidi wa uzima. Ujumbe wa "punguza uzito" umefika mahali ambapo kupungua kulimaanisha msiba.

Takwimu nazo zinakwenda mbio. Nchini Kenya, wanawake wa miaka 15 hadi 49 wenye uzito uliozidi au unene uliopitiliza walikuwa asilimia 25 katika utafiti wa kitaifa wa 2008-09 na asilimia 33 mwaka 2014. Utafiti wa 2022, uliohesabu wenye miaka 20 hadi 49, ulikuta asilimia 45. Tanzania ilikuwa na asilimia 28 mwaka 2015-16.

KIPIMO CHENYEWE

Ugomvi mwingi unaanzia kwenye namba. Kipimo kinachotumika karibu kila kliniki ni BMI: uzito kwa kilo unagawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mtu wa kilo 80 mwenye urefu wa mita 1.60 anapata zaidi kidogo ya 31. Kuanzia 25 anahesabiwa kuwa na uzito uliozidi, kuanzia 30 unene uliopitiliza.

Aliyebuni hesabu hii katika miaka ya 1830 ni Adolphe Quetelet, mtaalamu wa hisabati na nyota wa Ubelgiji. Alikuwa akitafuta sifa za mtu wa wastani katika jamii, hakuwa akitibu mgonjwa. Jina la BMI lilitolewa mwaka 1972 na Ancel Keys wa Marekani, naye alikusudia kulinganisha makundi ya watu. Kasoro zake zinajulikana: haitofautishi misuli na mafuta, na haisemi mafuta yamekaa wapi. Mafuta yanayozunguka viungo vya ndani ya tumbo ni hatari kuliko yale ya nyonga na mapaja.

Asili ya mtu nayo ina nafasi yake. Utafiti mkubwa uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2021 ulikuta kwamba hatari ya kisukari ambayo Mzungu huwa nayo akiwa na BMI ya 30 humfikia mtu mwenye asili ya Asia Kusini akiwa na 23.9, Mwarabu akiwa na 26.6, na mtu mweusi akiwa na 28.1. Kwa miji kama Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam, ambako watu wa asili hizi wanahudumiwa katika kliniki moja, mstari mmoja kwa wote hauwezi kutoshea.

Mwaka 2023 Chama cha Madaktari cha Marekani kilikiri kwamba BMI peke yake haitoshi. Januari 2025 tume ya wataalamu iliyoandika katika jarida la Lancet Diabetes & Endocrinology ilipendekeza kutenganisha unene ambao tayari umeathiri viungo na ule ambao bado haujaleta madhara. Uingereza inawashauri watu wahakikishe mzunguko wa kiuno hauzidi nusu ya urefu wao, jambo linaloweza kupimwa kwa uzi nyumbani.

Lakini kasoro za kipimo hazifuti tatizo. Mwaka 2013 uchambuzi ulioongozwa na Katherine Flegal ulionyesha kwamba watu wenye uzito uliozidi kidogo hawafi mapema kuliko wenye uzito wa kawaida, na watetezi wa wanene wakaushangilia. Mwaka 2016 kundi jingine lilichambua tafiti 239 za watu zaidi ya milioni 10, likiwaondoa wavutaji wa sigara na waliokuwa tayari na maradhi sugu, na likakuta vifo vikiwa vichache kabisa kati ya BMI ya 20 na 25, kisha vikipanda kadiri namba inavyopanda. Kwa hiyo namba inayokosea kwa mtu mmoja inaweza kusema kweli kuhusu watu milioni.

MSIMAMO WA KWANZA: AIBU ITAMREKEBISHA

Msimamo huu hauandikwi sana vitabuni, ila ndio unaosikika zaidi mtaani: mtu akichekwa atajirekebisha. Nguvu yake ni kwamba unaeleweka upesi na unatambua kuwa mtu ana mkono katika maisha yake. Wenye kuutetea hutaja sigara, ambayo ilipungua katika nchi nyingi baada ya jamii kuanza kuikunjia uso.

Udhaifu wake ni mkubwa. Sigara huwekwa chini, mwili hauwekwi. Mwaka 1986 Albert Stunkard na wenzake walichunguza watoto walioasiliwa nchini Denmark, wakakuta uzito wao ukifanana na wa wazazi waliowazaa, si wa waliowalea. Mwaka 1994 maabara ya Jeffrey Friedman huko New York iligundua leptini, homoni ambayo mafuta ya mwili huitumia kuujulisha ubongo kuhusu akiba iliyopo. Mwaka 2016 Kevin Hall alichapisha matokeo ya washiriki 14 wa shindano la televisheni la kupunguza uzito. Miaka sita baada ya shindano wengi walikuwa wamerudisha sehemu kubwa ya kilo zao, na miili yao ilichoma wastani wa kalori kama 500 kwa siku pungufu ya ilivyotarajiwa. Mwili hupigania uzito wake wa zamani, hata kama mwenyewe ana nidhamu.

Isitoshe, kejeli yenyewe inaambatana na madhara. Wamarekani waliosema wamebaguliwa kwa sababu ya uzito walikuwa na uwezekano wa mara 2.5 zaidi wa kuingia katika unene uliopitiliza miaka michache baadaye, kwa utafiti wa 2013 wa Angelina Sutin na Antonio Terracciano. Utafiti wao wa 2015 ulikuta hatari ya kufa imeongezeka kwa karibu asilimia 60 miongoni mwa waliobaguliwa, hata baada ya uzito wenyewe kuzingatiwa katika hesabu. Tafiti hizi ni za ufuatiliaji, hazithibitishi sababu moja kwa moja. Zinatosha, hata hivyo, kuondoa dhana kwamba aibu inasaidia. Mwaka 2020 mashirika mengi ya kitabibu duniani yalitoa tamko la pamoja la kukataa unyanyapaa wa uzito.

MSIMAMO WA PILI: NI UGONJWA, UTIBIWE

Wengi wa madaktari wako hapa. Nguvu yao iko katika ushahidi. Mwaka 2002 jaribio kubwa la Marekani lilionyesha kwamba watu waliokuwa karibu kupata kisukari, wakipunguza uzito kiasi na kutembea angalau dakika 150 kwa wiki, walipunguza uwezekano wa kuugua kwa asilimia 58. Mwaka 2016 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliorodhesha aina 13 za saratani zinazohusiana na mafuta ya ziada mwilini. Pia, kuuita unene ugonjwa kunampunguzia mtu lawama na kunaweza kuifungulia bima njia ya kulipia tiba.

Udhaifu uko pande mbili. Kwanza, jina la ugonjwa linageuza mamia ya mamilioni ya watu kuwa wagonjwa, pamoja na wasio na dalili yoyote. Palipo na wagonjwa wengi kiasi hicho pana soko, na kampuni za dawa hazilali. Pili, kupungua uzito hakuleti kila kinachoahidiwa. Jaribio la Look AHEAD, lililowafuatilia wagonjwa wa kisukari waliosimamiwa kwa karibu wapungue, lilisitishwa mwaka 2012 kwa sababu halikupunguza mishtuko ya moyo wala kiharusi, ingawa wengi walipata nafuu katika mambo mengine. Daktari anayesema "punguza" bila kusema kwa njia gani, kwa kiasi gani na kwa faida ipi, ametoa lawama akidhani ametoa tiba.

MSIMAMO WA TATU: MWILI UKUBALIKE ULIVYO

Hapa kuna wa aina mbili, na kuwachanganya ndiko kunakozusha kelele. Wa kwanza wanadai haki: kazi, matibabu, usafiri na heshima bila kupimwa kwanza kwenye mizani. Wa pili wanakwenda mbali zaidi na kusema uzito hauna uhusiano wowote na afya.

Dai la kwanza lina nguvu. Halihitaji utafiti wowote kulithibitisha, kwa kuwa haki ya mtu kutendewa kama mtu haitegemei matokeo ya maabara. Dai hili pia limeleta jambo la maana katika tiba, kwamba mtu anaweza kupima mafanikio kwa presha iliyoshuka, usingizi uliotulia na nguvu ya kupanda ngazi, hata kama mizani haikusogea.

Dai la pili linaanguka. Magoti yanayobeba kilo nyingi huchakaa mapema, na tatizo la kukatika pumzi usingizini huongezeka kadiri unene unavyozidi. Kumwambia mgonjwa kwamba hayo yote ni chuki ya jamii ni kumnyima taarifa anayoihitaji. Kuna tatizo jingine pia: neno "jipende" limenunuliwa na wenye matangazo. Ilani ya 1973 ilishambulia biashara, na leo kauli zake zinauza sabuni. Katika baadhi ya makundi, anayeamua kupungua kwa sababu zake mwenyewe huonekana msaliti, na hapo uhuru uliodaiwa unageuka kuwa amri mpya.

MSIMAMO WA NNE: UNENE NI NEEMA

Huu ni wetu, na wachambuzi wa Ulaya na Marekani huusahau au huusifia bila kuuchunguza. Ukweli ni kwamba sifa zetu kwa unene zina masharti. Tunasifu nyonga na makalio, hatusifu tumbo. Tunataka "umbo namba nane", na anayekosa kiuno ndani ya namba hiyo huitwa pipa. Ndiyo maana sokoni kuna dawa za kukata tumbo na dawa za kuongeza makalio, na mteja anaweza kuwa yule yule.

Februari 2019 waziri mdogo wa utalii wa Uganda, Godfrey Kiwanda, alizindua shindano la Miss Curvy, akiwataja wanawake wenye maumbo makubwa kuwa kivutio cha watalii. Watetezi wa wanawake walimjia juu, wakisema amewaweka binadamu katika orodha moja na wanyama wa mbugani. Tukio lile linaonyesha mpaka wa sifa hizi: mwili mnene ulikubaliwa pale ulipopendeza macho ya mtazamaji.

Kwa wanaume hali ni ya ajabu zaidi. Kitambi kinaitwa cha mafanikio, na bosi asiye nacho huonekana hajakamilika. Kitabibu mambo yako kinyume: mafuta ya nyonga za mwanamke ni nafuu kuliko mafuta ya tumbo ambayo mwanamume hupongezwa kwayo. Jamii inampigia makofi aliye hatarini zaidi.

Nguvu ya msimamo huu ni kwamba umewakinga wengi wasiuchukie mwili wao. Udhaifu wake ni kwamba unaficha ugonjwa. Mwenye kisukari anayeanza kukonda hushangaza watu. Yule ambaye kisukari kinamnyemelea akiwa amenona huambiwa yuko sawa.

HOSPITALINI: MKANDA WA PRESHA NA ULIMI WA MHUDUMU

Hasara za unyanyapaa zinaonekana vizuri kwenye vifaa. Tuchukue mkanda wa kupimia presha unaofungwa mkononi. Ukiwa mdogo kuliko mkono wa mgonjwa, unaongeza namba. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2023 ulikuta kwamba watu waliohitaji mkanda mkubwa kabisa, wakipimwa kwa mkanda wa kawaida, namba ya juu ya presha ilizidi ukweli kwa wastani wa 19.5. Mtu mwenye 125 anasomeka kana kwamba ana zaidi ya 140, na anaweza kuanzishiwa dawa asizozihitaji. Katika zahanati yenye mkanda mmoja kwa wagonjwa wote, kosa hili hurudiwa kila asubuhi. Hakuna aliyemchukia mgonjwa hapo. Ni kwamba wakati wa kununua vifaa hakuna aliyemfikiria.

Ulimi nao una madhara yake. Mgonjwa aliyekuja na maumivu ya nyonga akaambiwa tu apungue, anaweza kuondoka na ugonjwa ambao haukuchunguzwa. Akichekwa mbele ya foleni, harudi. Ukanda wetu unalijua jambo hili kuliko wengi, kwa sababu UKIMWI ulitufundisha kwa gharama kubwa kwamba unyanyapaa unawakimbiza watu kutoka kwenye vipimo na dawa. Mafunzo ya usiri na lugha ya staha yaliyotolewa wakati ule hayana sababu ya kuishia kwenye kliniki za virusi vya UKIMWI.

UKIMWI na unene sasa vinakutana katika mwili mmoja. Dawa ya dolutegravir, iliyo sehemu ya kidonge cha kila siku cha watu wengi wanaoishi na virusi katika nchi zetu, inaambatana na kuongezeka uzito, hasa kwa wanawake, kama lilivyoonyesha jaribio la ADVANCE la Johannesburg mwaka 2019. Aliyeogopa kukonda ili asijulikane sasa anaonywa kwamba amenenepa. Kumlaumu kwa ulafi ni kukosea mara mbili.

MAVAZI: KIWANDA NA CHEREHANI

Katika mitindo mjadala umepanda na kushuka. Mwaka 2006 Madrid iliwazuia wanamitindo wenye BMI chini ya 18 kupanda jukwaani, na tangu 2017 Ufaransa inadai cheti cha daktari kwa kila mwanamitindo. Mwaka 2016 mwanamitindo mnene Ashley Graham alipamba jalada la toleo la mavazi ya kuogelea la jarida la Sports Illustrated, na wengi wakaamini ukuta umeanguka. Haukuanguka. Jarida la Vogue Business lilipohesabu mavazi zaidi ya 8,000 yaliyoonyeshwa New York, London, Milan na Paris mapema mwaka 2025, yaliyovaliwa na wanamitindo wanene yalikuwa chini ya asilimia moja.

Sababu si chuki peke yake. Kiwanda hushona saizi chache kwa wingi, na kila saizi inayoongezwa inahitaji kielelezo kipya, kitambaa zaidi na nafasi dukani. Kampuni ikiona faida haionekani upesi, inarudi ilikotoka.

Kwetu vazi lina njia mbili. Mnunuzi wa mitumba anategemea saizi zilizoachwa na watu wa mbali, na mwenye mwili mkubwa huchambua robota lote akaambulia shati la kiume. Anayekwenda kwa fundi cherehani hupimwa kifua, kiuno na nyonga, anaambiwa aongeze kitambaa kidogo, na mshono unamkaa. Kwenye sare za shughuli, wanawake thelathini wa maumbo thelathini huvaa kitenge kimoja, na kila mmoja kwa mshono wake. Dera la Pwani halimuulizi mtu saizi. Kwa hiyo tunaposhangilia maduka mapya ya nguo zilizokwisha kushonwa, tukumbuke kwamba huja na mstari wa saizi ambao fundi hakuwahi kuuchora.

SINDANO MPYA ZIMEBADILI NINI

Semaglutide, mojawapo ya sindano hizo, iliidhinishwa Marekani kwa ajili ya kupunguza uzito mwaka 2021. Katika jaribio lake kuu, watumiaji walipungua kwa wastani wa karibu asilimia 15 ndani ya wiki 68. Mwaka 2023 jaribio jingine lilionyesha kwamba, kwa watu wenye uzito uliozidi waliokuwa tayari na ugonjwa wa moyo, dawa hiyo ilipunguza mishtuko ya moyo, kiharusi na vifo vya moyo kwa asilimia 20. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani liliziingiza dawa za kundi hili katika orodha ya dawa muhimu, kwa wagonjwa wa kisukari wenye unene uliopitiliza na maradhi ya moyo au figo.

Sindano hizi zimewaumbua wa pande mbili. Zimeonyesha kwamba njaa ni jambo la homoni, kwa hiyo kauli ya uzembe imepoteza mguu. Zimeonyesha pia kwamba kupungua kunaweza kuokoa maisha ya baadhi ya watu, kwa hiyo kauli kwamba uzito si kitu imepoteza mguu vilevile. Hata hivyo, walioacha dawa walirudisha takriban theluthi mbili ya walichopunguza ndani ya mwaka mmoja. Bei yake ni mlima kwa familia nyingi, na mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilionya kuhusu semaglutide bandia iliyokamatwa Brazil, Uingereza na Marekani. Anayenunua kwa ujumbe wa simu hajui anachojidunga.

KUPIMA HOJA

Misimamo yote minne ina kasoro moja ya pamoja: inamtazama mtu mmoja mmoja. Wa aibu wanamtaka abadili tabia, wa tiba wanamtaka ameze dawa, wa kukubali wanamtaka abadili moyo, wa neema wanamtaka afurahi. Hakuna anayeuliza mji umefanya nini.

Vinasaba vya Wakenya havikubadilika kati ya 2008 na 2022. Kilichobadilika ni maisha. Kazi zimehama shambani kwenda kwenye kiti. Bodaboda imechukua nafasi ya miguu. Chipsi mayai na soda hupatikana kila kona kwa bei ambayo matunda na mboga mara nyingine haviifikii. Barabara nyingi hazina njia ya waenda kwa miguu, na mwanamke anayetaka kukimbia jioni hana pa kukimbilia bila kuzomewa. Hapa kejeli ya mtaani inageuka kuwa chanzo cha unene: inamrudisha ndani yule aliyetaka kutoka.

Nchi nyingine zimejaribu kurekebisha mazingira haya. Mexico ilianza kutoza kodi ya vinywaji vya sukari mwaka 2014. Chile imeweka alama nyeusi kwenye pakiti za vyakula vyenye sukari, chumvi au mafuta mengi tangu 2016. Afrika Kusini tangu Aprili 2018 inatoza kila gramu ya sukari inayozidi 4 katika mililita 100 za kinywaji, na watengenezaji wakapunguza sukari wenyewe ili kukwepa kodi. Kenya na Tanzania hutoza ushuru wa soda kwa lita, hivyo yenye sukari nyingi na yenye sukari kidogo hulipiwa sawa. Hatua hizi zina gharama: kodi ya chakula humgusa maskini kwanza, na hakuna hata moja iliyothibitika kumaliza tatizo peke yake. Lakini hazimdhalilishi mtu, na zinamfikia hata asiyefika kliniki.

Sheria za haki nazo zina nafasi. Ibara ya 27 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inakataza ubaguzi kwa misingi mingi, ikiwamo hali ya afya, ulemavu na hata mavazi. Uzito haukutajwa, ingawa orodha yenyewe haikufungwa. Barani Ulaya, mahakama ya Umoja wa Ulaya iliamua mwaka 2014, katika shauri la mlezi wa watoto wa Denmark aliyeachishwa kazi, kwamba unene unaweza kuhesabiwa kuwa ulemavu pale unapomzuia mtu kushiriki kazi kikamilifu. Njia hiyo inasaidia wachache, kwa sababu inamlazimu mtu athibitishe udhaifu wake ili apate haki yake.

MUHTASARI

Kwa swali la kwanza, unene mkubwa unaongeza hatari ya maradhi kadhaa, ingawa si kwa kila mtu na si kwa kipimo kimoja. Kiuno, sukari na presha vinasema zaidi ya mizani. Kwa swali la pili, mtu mnene anadai heshima na matibabu kamili bila sharti la kupungua kwanza, na ushahidi hauonyeshi kwamba kejeli inasaidia. Kwa swali la tatu, ambalo limeachwa muda mrefu, wenye wajibu ni pamoja na wanaopanga miji, kodi, ununuzi wa vifaa vya hospitali na mtaala wa wauguzi.

Uamuzi wa makala haya ni huu: wanaodai haki wako sahihi kuhusu mtu, madaktari wako sahihi kuhusu hatari, na wote wamekosea wanapomwachia mtu huyo mzigo peke yake. Wizara ikitaka pa kuanzia, ianze na mambo ya bei ndogo: mikanda ya presha ya saizi tatu kwa kila zahanati, mizani iliyowekwa faraghani, na ushuru wa soda unaohesabu sukari. Nasi wengine tuanze kwa kuacha kusalimiana kwa kilo, ziwe zimeongezeka au zimepungua.